Ukurasa wa Nyumbani: Faranga ya Jikoni Ipimwe kwa Sahani ya Mtoto



Kuna neno moja tunalolisikia kila mwisho wa mwezi, sokoni, njiani, na hata mbele ya mlango wa shule: “Fedha haitoshi, tutakula nini?” Neno hilo si uvivu wala si manung'uniko ya bure. Bei ya unga hupanda, mshahara hukawia, na barabara zinapofungwa kwa ajili ya vita, gunia lililoshuka kutoka mlimani juzi halionekani tena leo. Hatutaki basi kumkaripia mwenye njaa, kana kwamba njaa yake ni kosa lake.

Lakini kila mwalimu anayetazama vema watoto wake darasani huona jambo jingine. Nyumba mbili za mtaa mmoja hupata mshahara ulio karibu sawa, na hesabu ya watoto ni ile ile. Katika nyumba ya kwanza watoto wana macho maangavu, wanacheza na kujifunza. Katika nyumba ya pili mtoto wa shule anasinzia saa ya hesabu, na mdogo wake aliyebaki nyumbani ana miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka rangi. Fedha ni sawa. Tofauti yatoka wapi? Mara nyingi yatoka mahali pawili: namna ya kutumia faranga pale sokoni, na namna ya kugawa chakula nyumbani. Hayo mawili ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

KUSHIBA KWA TUMBO NA KUSHIBA KWA MWILI

Chakula kina kazi tatu, nanyi wanafunzi mmejifunza jambo hilo. Kazi ya kwanza ni kutia nguvu: ndiyo kazi ya ugali, viazi, ndizi, wali na mafuta. Kazi ya pili ni kujenga mwili: ndiyo kazi ya maharagwe, samaki, karanga, soya, mayai, maziwa na nyama. Kazi ya tatu ni kulinda mwili: ndiyo kazi ya mboga za majani na matunda. Nyumba yahitaji mafundi wote watatu. Mwenye kuita fundi mmoja tu, hata akimwita kila siku, hatamaliza nyumba.

Basi, tatizo letu ni hili: ugali wa muhogo hujaza tumbo upesi na kwa bei nafuu, na tumbo lililojaa halilalamiki. Lakini katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini, yaani kile kinachojenga nyama ya mwili, hazifiki hata gramu 2. Mtoto anaweza kula ugali huo asubuhi na jioni, akalala ameshiba, huku mwili wake una njaa.

Matokeo yake twayajua. Huko Bushi watu huuita ugonjwa huo bwaki. Waganga huuita kwashiorkor, na jina hilo halikutoka Ulaya. Daktari Cicely Williams aliandika habari zake katika mwaka 1933, alipokuwa akiwatunza watoto katika nchi ambayo leo yaitwa Ghana, na jina akalitwaa katika lugha ya Kiga ya huko. Ni jina la ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Tazameni jinsi akina mama wa kule walivyofahamu mambo: mtoto anaachishwa ziwa la mama yake, na badala yake anapewa ugali mtupu na mchuzi. Pale Lwiro, si mbali na Bukavu, ipo hospitali ambayo kwa miaka mingi imewapokea watoto wa namna hii.

Ugonjwa huu una hila. Mtoto huvimba miguu na uso, na jirani husema, “Mtoto huyu amenenepa.” Kumbe ni maji. Bonyezeni kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, kwa muda wa kuhesabu polepole mpaka tatu. Shimo likibaki, mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya siku ile ile, wala asingojee dawa za jirani. Pale watampima pia mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono wenye mzingo chini ya sentimeta 11.5 ni alama ya hatari kubwa.

KUKU WA BATAVIA

Wengi hudhani kwamba chakula cheupe na laini ndicho chakula cha watu walioendelea, na kwamba unga wenye pumba ni wa maskini. Sikilizeni basi habari ya kuku fulani.

Karibu na mwaka 1890, Mholanzi mmoja jina lake Christiaan Eijkman alikuwa mganga huko Batavia, mji ambao leo waitwa Jakarta, katika nchi ya Indonesia. Alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi, unaodhoofisha miguu na moyo. Siku moja kuku wake wakaanza kupepesuka na kuanguka kama wagonjwa wa beriberi. Baada ya muda wakapona, wala hakuna aliyewapa dawa. Alipouliza akajua sababu: kwa muda fulani walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali ya askari, kisha akaja mpishi mpya, naye akakataa kuwapa kuku wa raia mchele wa askari. Wakarudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani, wakapona. Kumbe katika ganda lile, ambalo watu walilitupa kama takataka, kulikuwa na kitu cha lazima kwa uhai. Leo twakiita vitamini B1. Katika mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Hopkins.

Mambo ni hayo hayo katika mahindi yetu. Punje ya mahindi ina ganda, ina kiini, na ina sehemu nyeupe ya katikati. Mashine ikiondoa ganda na kiini, unga hupendeza machoni, lakini mafuta na sehemu kubwa ya vitamini zimekwenda kwa nguruwe na kuku. Tena mnunuzi hulipa zaidi ili apate pungufu! Afadhali mama anunue punje nzima, azichague, azipeleke kinuni zisagwe pamoja na vyote vilivyomo. Jambo moja tu alikumbuke: unga mzima huharibika mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini. Basi asage wa siku chache, na punje zilizobaki azitunze kavu.

HESABU YA SOKONI

Sasa, wanafunzi, chukueni kalamu muwasaidie wazazi wenu. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe bila mifupa ina protini karibu gramu 200. Kilo moja ya maharagwe makavu ina zaidi ya gramu 200. Karanga zina karibu gramu 250, soya gramu 350 hivi, na ndagala waliokauka vizuri wana zaidi ya gramu 500, kwa maana jua limekwisha kuondoa maji, na aliyenunua ndagala hakununua maji.

Tuchukue bei za mfano, tulizozitunga kwa ajili ya hesabu tu. Tuseme kilo ya nyama ni faranga 20,000, ya maharagwe faranga 4,000, na ya ndagala wakavu faranga 25,000. Gawanyeni bei kwa gramu za protini. Kwa nyama, gramu moja ni faranga 100. Kwa ndagala, ingawa bei ya kilo ni kubwa kuliko ya nyama, gramu moja ni faranga 50. Kwa maharagwe ni faranga 20 tu. Wekeni sasa bei za kweli za soko lenu, iwe Kadutu, Uvira au Kalemie, mfanye hesabu ile ile. Bei zitabadilika, lakini mara nyingi maharagwe yatashinda.

Hatusemi kwamba nyama ni mbaya. Siku ya sikukuu tuile kwa furaha. Lakini asiwepo mama anayeona haya kupika maharagwe mara nne kwa juma, akidhani amewanyima watoto wake. Maharagwe pamoja na ugali wa mahindi ni ndoa njema: kile kinachopungua katika protini za mmoja hupatikana kwa mwenzake.

Mtasema: “Maharagwe hula makala, na makala ni fedha.” Ni kweli kabisa. Basi yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe asubuhi, yapikwe kwa maji mapya chungu kikiwa kimefunikwa. Yataiva upesi zaidi, na tumbo halitafura sana. Chumvi itiwe yakikaribia kuiva. Kama yamepikwa ya kutosha milo miwili, yachemshwe tena vizuri kabla ya kuliwa, na yaliyochacha yatupwe bila huruma. Ugonjwa wa tumbo hugharimu kuliko sahani moja.

VITU VYA KUTAFUTA SOKONI

1. Ndagala na sambaza. Ndagala ni mali ya ziwa Tanganyika tangu zamani. Sambaza wa ziwa Kivu nao asili yao ni Tanganyika: waliletwa na kutiwa ziwani kati ya mwaka 1958 na 1960, na leo ni chakula cha kila siku kwenye ufuko wa Kivu. Samaki hawa wadogo huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa hiyo huimarisha mifupa na meno ya watoto. Chagueni waliokauka sawasawa, wasionuka uvundo, osheni mchanga. Mkono mmoja wa ndagala waliotwangwa na kuwa unga watosha kuboresha chungu kizima cha mboga.

2. Mboga za majani. Lengalenga, majani ya maboga, matembele na sombe havikosekani, na bei yake ni ndogo. Lengalenga ioshwe kwanza, ikatwe baadaye, ipikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, na maji yake yasimwagwe. Lakini sombe ni jambo jingine: ina sumu mpaka itwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu. Hapo haraka haina baraka.

3. Mawese. Rangi yake nyekundu si pambo. Ndani yake mna kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, nayo hulinda macho na kuzuia magonjwa. Mtoto anayejikwaa jioni wakati wenzake bado wanaona njia, huenda amekosa vitamini hiyo. Wapishi wengine huyachoma mawese mpaka yawe meupe. Kwa kufanya hivyo wanachoma kile walichokinunua. Yatieni mwishoni, kijiko baada ya kijiko, juu ya mboga. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, papai na embe vina faida hiyo hiyo.

4. Karanga na soya. Karanga zilizosagwa hukoleza sombe na uji. Zile zenye ukungu, zilizokunjamana au zilizobadilika rangi zisiliwe wala zisipewe mifugo. Zina sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Soya ikaangwe au ichemshwe barabara kwanza, kwa maana ikiwa mbichi huzuia tumbo kutumia chakula.

5. Chumvi yenye madini ya joto. Wazee wa Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, wanakumbuka ugonjwa wa rovu. Katika miaka ya 1960 waganga waliuchunguza sana kisiwani humo, wakaona kwamba madini hayo yamekosekana, na kwamba muhogo usiotengenezwa vizuri huongeza shida. Chumvi nzuri bei yake ni ndogo. Itunzwe katika chombo chenye kifuniko, tena itumiwe kwa kiasi: kwa mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika vidonge vya kukoleza mchuzi.

Na muhogo wenyewe? Hatuwezi kuuacha, kwa maana umeokoa watu wengi wakati wa njaa. Lakini muhogo mchungu ulowekwe siku tatu kamili au zaidi, kisha ukaushwe. Katika mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa uliowapata watu wa Kwango, uitwao konzo: miguu hukakamaa ghafula, na mtu hatembei tena sawasawa maisha yake yote. Huwapata hasa watoto na akina mama. Leo twajua kwamba hutokea pale watu wanapokula muhogo mchungu uliolowekwa kwa haraka, bila chakula kingine cha kujenga mwili. Siku mbili zilizopunguzwa za kuloweka zaweza kuondoa miguu ya mtoto. Mwenye mashaka juu ya unga alionunua aulowanishe kwa maji, autandaze kama tabaka jembamba kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu itoke hewani, kisha asonge ugali wake siku ile ile.

FARANGA ZINAZOVUJA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Jaribuni kuandika kwa juma moja kila faranga inayotoka kwa ajili ya kinywa: mandazi ya asubuhi, mkate mweupe, sukari ya chai, vinywaji vitamu vya chupa, peremende, na ile chupa ya bia ya baba pamoja na rafiki zake. Kila kimoja ni kidogo, na ndiyo sababu hakuna anayekiona. Mwisho wa juma jumlisheni, kisha mwulize muuza maharagwe fedha hiyo ingenunua mikebe mingapi.

Tena, maskini hununua kwa bei ya juu kuliko tajiri, kwa sababu hununua kidogo kidogo. Kifungu kidogo cha maharagwe, kikipimwa, bei yake mara nyingi hupita ile ya kilo. Dawa yake ni umoja. Akina mama watano wa mtaa mmoja wenye likelemba waweza kununua gunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, wakaligawa sawa. Maharagwe ya kuwekwa akiba yaanikwe juani mpaka yawe makavu kabisa, yatiwe katika chombo kinachojaa hadi juu na kufungwa vizuri, ili wadudu wakose hewa.

Namna gani kuigawa fedha ya chakula, baada ya kuweka kando fedha ya makala? Twatoa shauri, si sheria. Igawanyeni katika sehemu kumi: nne za unga, viazi au ndizi, tatu za maharagwe, samaki na karanga, mbili za mboga, mawese na matunda, moja ya chumvi na akiba. Sokoni anzeni na zile tatu, hata zikiwa ndogo. Unga hautasahauliwa kamwe. Tumbo lenyewe litaukumbusha. Maharagwe ndiyo yasiyo na msemaji.

Kwa mfano, siku ya kwanza: asubuhi uji wa mahindi mazima wenye karanga, jioni ugali, maharagwe na lengalenga kwa mawese. Siku ya pili: asubuhi viazi vitamu, jioni ugali na sombe yenye ndagala na karanga. Siku ya tatu: asubuhi uji wa soya, jioni ndizi zilizopikwa pamoja na maharagwe, na majani ya maboga. Tunda moja la wakati wake, kama pera, papai, embe au chungwa, lifuate chakula. Husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na majani. Chai, kinyume chake, huyazuia. Basi inywewe baadaye, si pamoja na chakula.

SAHANI YA MTOTO

Tumefika mahali pagumu, nasi hatutapapita kwa kunyamaza. Mama amenunua vema, amepika vema; lakini chakula kinagawanywaje?

Katika nyumba nyingi samaki wote huenda mbele ya baba na wageni. Watoto wakubwa huzunguka sahani moja, na mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba. Mdogo wa miaka miwili, mwenye mkono mfupi na meno machache, hupata ugali uliochovywa katika mchuzi. Mchuzi una harufu ya samaki. Samaki mwenyewe hayumo. Mama hula mwisho, kile kilichobaki chini ya chungu, hata akiwa na mimba. Basi faida yote ya sokoni imepotea kati ya jiko na meza.

Enyi akina baba, twawaheshimu, na heshima yenu haimo katika kichwa cha samaki. Mtu mzima ameshamaliza kujengwa. Mtoto bado ni nyumba isiyoezekwa. Ukikosa samaki leo, kesho utakwenda kazini. Yeye akikosa miezi mingi, mwili wake na akili yake vitachelewa, na miaka iliyopotea kabla ya kufika miaka miwili ni vigumu sana kuirudisha. Baba akisema kwa kinywa chake, “Mpe mtoto kwanza,” hakuna bibi wala shangazi atakayemlaumu mama. Tena aketi na mkewe siku ya mshahara, wahesabu fedha pamoja. Mke asiyejua mshahara wa mumewe hupika gizani.

Nanyi akina mama, shikeni haya. Mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake yatosha, hata maji hayahitajiwi. Kuanzia mwezi wa saba mtoto aanze uji mzito, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uji huo usiwe maji meupe: vijiko vitatu vya unga wa mahindi kwa kijiko kimoja cha soya iliyokaangwa na kusagwa, au cha karanga, pamoja na kijiko kidogo cha unga wa ndagala au mawese kidogo. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne. Awe na sahani yake mwenyewe, ili mama ajue amekula kiasi gani. Na pale ambapo desturi yakataza mayai au kuku kwa watoto na kwa wanawake wenye mimba, tuwaulize wazee kwa adabu: nani alifaidika na mwiko huo? Yai halimfanyi mtoto kuwa mwizi, lamjenga.

Vijana wa shule, msidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa tu. Sarafu mliyopewa asubuhi yaweza kununua peremende, yaweza pia kununua ndizi mbivu au kikopo cha karanga. Nyuma ya nyumba, hata mahali pa upana wa mkeka, hata katika gunia la zamani lililojaa udongo na samadi, lengalenga huota na kuanza kuchumwa baada ya majuma machache tu. Mwagilieni kwa maji yaliyotumika kuosha mboga. Mwanafunzi anayeleta mboga ya jioni jikoni kwa mama yake amefanya kazi ya heshima.

NYUMBA ISIYO NA KITU

Kuna pia nyumba ambazo hata mashauri haya hayatoshi: waliokimbia vita wakaacha mashamba, mjane mwenye watoto sita, baba asiyelipwa miezi mingi. Kwao hatusemi, “Andikeni katika daftari.” Kwao twasema: msione haya kumpeleka mtoto aliyedhoofika kwenye kituo cha afya, utapiamlo ni ugonjwa, una dawa na chakula chake maalumu, nao watoto wengi hupona. Na kwa majirani twasema: mkebe mmoja wa maharagwe uliochangwa na nyumba nne hauonekani katika gunia la yeyote, bali waonekana mwezi ujao katika mwili wa mtoto yule.

Juma hili basi fanyeni mambo matatu. Kwanza, andikeni kila faranga ya kinywa. Pili, nunueni vya kujenga mwili kabla ya vingine. Tatu, chakula cha jioni kikipakuliwa, baba na mama watazame pamoja sahani ya mtoto mdogo kuliko wote, waulize: je, samaki au maharagwe yamo, au ni mchuzi tu?

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikijaa, tuangalie kwanza ni nani anayekila.